Albamu ya Eric Clapton ya onyesho la Rainbow (1973): kwa nini wasikilizaji hatukubaliani juu yake?

Mpwa wa Baharia (Mwanza):

Heshima kwenu wanajamvi, na shikamooni wakubwa wote. Marehemu mjomba wangu alikuwa fundi wa injini katika meli za ziwa letu, na katika miaka ile kabla Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza haijavunjika mwaka 1977, kila alipoteremka Kisumu au Port Bell alirudi Mwanza na santuri kama wenzake walivyorudi na vitenge. Mwaka huu familia imenikabidhi sanduku lake. Humo, katikati ya santuri za Morogoro Jazz na za Franco, nimekuta moja ambayo sikuitarajia: Eric Clapton's Rainbow Concert, ya yule mpiga gitaa wa Uingereza, iliyorekodiwa katika ukumbi wa Rainbow mjini London tarehe 13 Januari 1973, ikatolewa Septemba mwaka huohuo.

Nimeisikiliza mara nne. Ina nyimbo sita tu, tatu kila upande. Nasikia magitaa yanayogombania nafasi, ngoma zinazorundikana, na sauti ya mwimbaji iliyokaa nyuma kama mtu anayeimba akiwa chumba cha pili. Hata hivyo nikimaliza upande wa kwanza najikuta naurudia, na sijui kwa nini. Nilipotafuta maoni ya wasikilizaji wengine nilizidi kuchanganyikiwa, kwa kuwa wapo wanaosema ni kumbukumbu ya kihistoria isiyo na muziki wa kutosha, na wapo wanaoitetea kana kwamba ni mali ya ukoo.

Naomba msaada katika mambo mawili. Kwanza, nimesoma kwamba mwaka 1995 lilitolewa toleo refu lenye nyimbo 14. Je, linabadilisha picha au linaongeza urefu tu? Pili, nyuma ya jalada mjomba aliweka alama ya vema kwa kalamu ya wino pembeni ya wimbo mmoja, Presence of the Lord, ambao ni wa mwisho upande wa kwanza. Huo ndio unaokwaruza kuliko yote, kiasi kwamba sauti ya gitaa inapasuka. Ningependa kujua alikuwa anasikia nini pale.

Mpiga Solo wa Kirumba:

Marahaba, mwanangu, na poleni kwa kuondokewa na mjomba. Nimepiga gitaa katika bendi za dansi hapa Mwanza kwa miaka ishirini na sita, nikianza na rithimu na kuishia kwenye solo, na albamu hiyo ninaijua vizuri. Mimi niko upande wa wanaoipenda, ila nakuomba usiisikilize kama albamu ya mpiga gitaa mmoja, maana ukifanya hivyo utamwonea yeye na utajinyima wewe.

Kwa ufupi, mambo yalikuwa hivi. Clapton alikuwa amejifungia nyumbani kwa muda mrefu akiwa mtumwa wa heroini, na tangu onyesho la kuchangia Bangladesh, lililofanyika New York tarehe 1 Agosti 1971, umma haukuwa umemwona jukwaani ipasavyo. Pete Townshend wa bendi ya The Who ndiye aliyemfuata, akakusanya wenzake, wakafanya mazoezi kwa siku chache, kisha wakapiga maonyesho mawili siku moja. Angalia waliosimama naye: Townshend na Ronnie Wood kwenye magitaa, Steve Winwood kwenye kinanda na uimbaji, Rick Grech kwenye besi, Jim Capaldi na Jimmy Karstein wote wawili kwenye drams, na kwenye tumba ni Rebop Kwaku Baah, Mwafrika mwenzetu kutoka Ghana. Pamoja naye ni watu wanane. Hapo ndipo unapotoka huo msongamano unaousikia.

Sisi wa dansi tumezoea magitaa matatu au manne, lakini kila moja lina njia yake: solo juu, la pili likimjibu, rithimu ikishona katikati, besi ikibeba wote. Mazoezi ya miezi ndiyo yanayomfundisha kila mtu mahali asipotakiwa kupita. Pale Rainbow hawakuwa na miezi, kwa hiyo magitaa mawili mara nyingi yanafanya kazi ya rithimu kwa wakati mmoja, na la tatu linapoingia linakuta mlango umejaa watu. Kwa sikio la fundi ni kasoro, na sitaificha. Lakini sikiliza tena ukijua kwamba walikuwa wameambizana kutomwacha mwenzao asikike akiwa peke yake hata kwa sekunde moja, na utaona kwamba msongamano ule ulikuwa kazi ya makusudi.

Nayajua hayo kwa vidole vyangu. Niliwahi kuumia mkono nikakaa nje ya jukwaa karibu miaka miwili. Usiku wa kwanza niliporudi, sugu za ncha za vidole zilikuwa zimelainika, na kufikia wimbo wa tatu waya wa kwanza ulikuwa unanikata kama uzi wa nyavu uliolowa. Kichwa kinaijua njia, ila kidole kinafika kimechelewa. Mpiga rithimu wetu aliliona hilo kabla ya mtu yeyote ukumbini. Akaacha mtindo wake wa kawaida, akawa anajaza kila pengo nililoliacha, na mimi nikapata nafasi ya kuvuta pumzi. Nikisikiliza Little Wing katika santuri hiyo, wimbo wa Jimi Hendrix aliyefariki Septemba 1970, ninamsikia mtu aliyezungukwa hivyo hivyo. Noti ni chache, zinavutwa kwa muda, na anapoachia moja kuna mwenzake chini yake tayari.

Sasa kuhusu alama ya mjomba. Presence of the Lord ni wimbo aliouandika Clapton mwenyewe na kutolewa mwaka 1969 na bendi ya Blind Faith, bendi ambayo haikumaliza hata mwaka. Katika rekodi ile ya kwanza aliyeimba ni Winwood. Blind Faith ilikuwa na watu wanne, na watatu kati yao, yaani Clapton, Winwood na Grech, walikuwa jukwaani Rainbow. Kwa hiyo pale unasikia watu waliokwisha kuachana wakiuimba tena wimbo wa mtu anayesema hatimaye amepata mahali pa kuishi. Unakwenda polepole kama wimbo wa kanisani, katikati unachochewa ghafla na gitaa linapasua, kisha unatulizwa tena. Mjomba wako alikuwa na sikio zuri.

Msikilizaji wa Nyakato:

Kwa heshima zote kwa mzee wangu wa Kirumba, mimi sikubaliani, na nitasema kwa nini. Huruma ni jambo jema kwa mgonjwa, lakini haiwezi kuwa kipimo cha albamu inayouzwa dukani. Mwaka 1973 msikilizaji alipewa nyimbo sita, kama dakika 35 hivi, kutoka katika onyesho lililofunguliwa kwa Layla, wimbo wake maarufu, na hiyo Layla yenyewe haikuwekwa. Badala yake tukapewa After Midnight inayojikokota, ilhali aliyoirekodi studio mwaka 1970 inakimbia. Pearly Queen ni wimbo wa bendi ya Traffic, na unapofika ndipo mambo yanachangamka kweli, kwa sababu Winwood na Capaldi ndio walioutunga na Rebop alikuwa mwenzao katika bendi hiyo. Maana yake ni kwamba, kwa sikio langu, wakati mzuri kuliko wote katika albamu ya kumrudisha Clapton ni ule ambao Clapton ni msindikizaji.

Mtu akiniuliza asikilize nini ili amjue Clapton wa jukwaani miaka ile, ninampa E.C. Was Here ya mwaka 1975. Pale kuna bendi moja iliyozoeana, blues inapigwa kwa nafasi, na gitaa linasikika kuanzia mwanzo wa sentensi hadi nukta. Ya Rainbow ninaiheshimu, ila siirudii.

Fundi Sauti (Igoma):

Ndugu mleta mada, niingie kwa upande wa mitambo, kwa kuwa sehemu ya mnachobishania inatokana na santuri yenyewe.

Santuri ndefu huzunguka mara 33 na theluthi moja kwa dakika, na kasi hiyo haibadiliki. Kinachobadilika ni urefu wa mfereji katika kila mzunguko. Ukingoni mwa santuri ya inchi 12, sindano inapita karibu sentimita 92 kwa mzunguko mmoja. Karibu na karatasi ya katikati inapita chini ya nusu ya hapo. Sauti ileile iliyopewa nafasi pana mwanzoni mwa upande inabidi ijibane mwishoni, na milio mikali kama ya matoazi na gitaa lililochochewa ndiyo inayoumia kwanza. Presence of the Lord na Little Wing zote ni nyimbo za mwisho katika pande zao. Ongeza kwamba mjomba alikuwa akiurudia huo wimbo mmoja, pengine kwa mashine ya zamani yenye mkono mzito, basi mfereji umekwisha kulika. Huo mkwaruzo usiwahesabie wapigaji.

Fanya hivi kabla ya kuhukumu. Badilisha sindano, na ukiweza tafuta yenye ncha ya umbo la yai badala ya ile ya duara, kwa sababu inaingia katika mfereji mwembamba bila kugota. Pima uzito wa mkono. Mashine nyingi za nyumbani zinahitaji gramu mbili hivi, na kuna mizani ndogo za sonara zinazofaa kabisa kwa kazi hiyo. Osha santuri kwa maji yaliyotoneshwa (distilled) yenye tone la sabuni laini, ukifuata mzunguko wa mifereji, na usiguse karatasi ya katikati. Maji ya bomba letu yakikauka yanaacha chumvi, na kuyachemsha hakuiondoi, kwa hiyo usiyatumie.

Kuhusu hiyo sauti ya mwimbaji aliye chumba cha pili: jukwaa lenye amplifaya tatu za gitaa zilizofunguliwa, seti mbili za drams na tumba linaingiza kila kitu katika kila maikrofoni. Maikrofoni ya mwimbaji inanasa gitaa, ya drams inanasa besi, na ukitaka kuipandisha sauti ya mtu mmoja unawapandisha jirani zake wote. Nimerekodi kwaya na bendi jukwaani hapa Mwanza, na tatizo hilo nimepambana nalo kila mara hata kwa vifaa vya leo. Toleo la 1995, kwa masikio yangu, limefunguka zaidi: besi ya Grech inasikika kama besi, na tumba zimepata mahali pa kukaa. Na kwa kuwa lina nyimbo 14, zaidi ya saa nzima, Layla ikiwa mwanzoni na Crossroads mwishoni, unapata mwendo wa jioni yenyewe. Huyu ndugu wa Nyakato ana haki ya kulalamikia nyimbo sita, lakini lawama hiyo inawahusu waliochagua na kukata.

Mama Koku (Bukoba):

Nimewasoma wote kwa makini, na kuna neno moja linalonikera kila albamu hii inapozungumzwa, nalo ni neno "kurudi". Clapton hakurudi usiku ule. Alipanda jukwaani akiwa bado anatumia, na baada ya onyesho akaenda tena kujifungia nyumbani. Matibabu aliyapata baadaye, na albamu ambayo kweli ilimrudisha ni 461 Ocean Boulevard ya mwaka 1974, iliyofika namba moja Marekani. Kati ya Januari 1973 na hapo kuna kipindi ambacho mashabiki wanapenda kukiruka.

Nalisema hili kwa sababu mdogo wangu alipita njia hiyo. Kwenye harusi ya binamu yetu alikuja amenyoa, amevaa shati lililopigwa pasi na marehemu mama, akacheza, akawasalimia wazee mmoja mmoja kwa majina. Tulipiga vigelegele. Shangazi alisema kwa sauti, "Mtoto wetu amerudi." Usiku huohuo, kabla sahani hazijaoshwa, alikuwa ameondoka, na hatukumwona kwa miezi mitano. Ilichukua miaka, kliniki, methadoni (dawa ya kutibu uraibu wa heroini) ya kila asubuhi, na dada mmoja asiyechoka, ndipo tulipompata. Leo anavua sangara na ana watoto wawili.

Kwa hiyo nikisikiliza Rainbow ninasikia vigelegele vya ukumbi wote, na ninajua wasichokijua wale watu. Ninasikia pia jinsi Townshend na wenzake walivyofikiri, kama sisi tulivyofikiri, kwamba mtu akishikwa mkono na kusimamishwa mahali anapopapenda, ugonjwa utaona aibu uondoke. Hauondoki hivyo. Lakini mdogo wangu aliniambia, baada ya kupona, kwamba ile harusi aliikumbuka kila siku huko alikokuwa. Ndiyo maana siwezi kukubaliana na ndugu wa Nyakato kwamba huruma haina mahali katika jambo hili, wala siwezi kukubaliana na mzee wetu ikiwa anamaanisha kwamba usiku ule ulifanikiwa. Kama muziki, ninauona umejaa upungufu. Ninausikiliza mara mbili au tatu kwa mwaka.

Mpiga Solo wa Kirumba:

Mama Koku, umenikosoa kwa haki na ninapokea. Niliandika kana kwamba kuzungukwa na wenzake kulitosha, na mimi mwenyewe niliporudi jukwaani nilikuwa na mkono uliokwisha kupona. Hiyo ni tofauti kubwa ambayo sikuifikiria. Mpe salamu mdogo wako.

Niongeze jambo moja kuhusu gitaa, kwa kuwa kijana aliuliza mjomba wake alikuwa anasikia nini. Usiku ule ndipo Clapton alipopiga kwa mara ya kwanza hadharani gitaa lake jeusi aliloliita Blackie, alilolitengeneza kwa kuunganisha vipande vya magitaa matatu ya Fender Stratocaster ya miaka ya hamsini. Alilipiga kwa zaidi ya miaka kumi, na mwaka 2004 liliuzwa mnadani New York kwa dola 959,500, fedha zikaenda kwenye kituo cha tiba ya uraibu alichokianzisha Antigua. Kila fundi gitaa wa hapa kwetu ameishi kwa mtindo huo wa kuunganisha shingo ya hili na mwili wa lile kwa sababu duka la vipuri liko mbali, kwa hiyo jambo hilo lilinigusa nilipolijua. Gitaa lililoundwa kwa mabaki, mikononi mwa mtu aliyekuwa katika hali ile, na bado likatoa ile sauti nyembamba, safi, inayokata kama upepo wa asubuhi unaotoka ziwani.

Msikilizaji wa Nyakato:

Dada Koku, maneno yako yamenifanya nisikilize tena jana usiku, na sitaki kuwa mbishi kwa ajili ya ubishi. Bado naona After Midnight ni dhaifu, na bado nitampa mgeni albamu ya 1975 kwanza. Lakini nimesikiliza toleo refu kwa mpangilio wake, na nakiri kwamba Badge ikija baada ya Layla ina uzito ambao haina ikiwa ndiyo ya kufungulia, kama ilivyo katika santuri. Pale inapotulia kabla ya gitaa kupanda, unawasikia wenzake wote wakimsubiri. Katika santuri ya nyimbo sita sikuwahi kulisikia hilo, kwa sababu nilikuwa ndiyo kwanza nakaa kitini.

Mpwa wa Baharia (Mwanza):

Wabeja sana, wakubwa zangu. Nimefanya kila alichosema Fundi Sauti. Mizani niliazima kwa sonara, na mkono wa mashine ulikuwa na gramu tano na nusu, zaidi ya mara mbili ya ulivyotakiwa. Nimeushusha, nimeweka sindano mpya, nimeosha santuri mara mbili na kuikausha kwenye kivuli. Mkwaruzo wa Presence of the Lord haujaisha, lakini umerudi nyuma, na sasa ninaweza kutofautisha kinanda cha Winwood na gitaa, jambo ambalo halikuwezekana wiki iliyopita. Toleo refu pia nimelipata na kulisikiliza lote. Nitabaki na vyote viwili. Lile refu ninalisikiliza ili nijue kilichotokea, na santuri nitaiweka kwa sababu nyingine.

Juzi jioni nilikuwa naijaribu sebuleni, na mama, ambaye ndiye dada wa marehemu, alikuwa uani anachambua mchele. Hajui Kiingereza na hajawahi kuuliza chochote juu ya santuri hizi. Ulipofika wimbo wa tatu, pale unapotulizwa tena baada ya gitaa kupasua, aliingia akiwa na ungo mkononi, akasimama mlangoni mpaka sindano ikafika mwisho. Akasema, "Huo ndio aliokuwa akiupiga akitoka melini, hata kabla hajavua viatu." Kisha akaniambia niurudishe.

Mzee wa Kirumba, ningependa kuja nayo Jumamosi, kama utakuwa na nafasi.

Mpiga Solo wa Kirumba:

Njoo baada ya alasiri, na umlete mama. Ile sehemu ya katikati nitakuonyesha kwenye gitaa, polepole, kidole kwa kidole.